Viwanda Nilivyobomoa Saa ya Chakula

Jumanne jioni, 1995

Bado nauona ule mji. Bwana Harish, mwenye duka la mabati ninakofanya kazi, huniacha nicheze mchezo wa kujenga mji kwenye kompyuta ya ofisi saa ya chakula. Leo wakazi wangu walilalamikia moshi, nikabomoa viwanda vyote vilivyokuwa karibu na nyumba. Kazi zikaisha. Watu wakaanza kuhama, hadi mtaa mzima ukabaki mtupu.

Bwana Harish akacheka. "Mama, rudisha viwanda. Watu watakula hewa safi?"

Nikarudisha. Lakini watu hawakurudi.

Nimefika nyumbani Kaloleni nikamkuta Ouma, mume wangu, ameketi mlangoni. Kiwanda chao cha nguo kimefunga zamu ya usiku. Kuhusu zamu yake ya mchana hawajasema lolote.

"Wakifunga na yetu, twende wapi?" ameniuliza. "Luanda Kotieno, kule ziwani, nikavue? Mimi hata wavu sijui kushika."

Nimemwambia tungoje. Halafu amesema polepole, "Muulize Bwana Harish kama anataka mtu wa kubeba mabati."

Ouma, fundi wa mashine miaka kumi na minne.

Nimesema nitauliza. Sijui nitaanzaje, na naogopa atakubali.