Makopo ya Udongo ya Baba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi? Kile kikohozi kimepoa, au bado unajifanya daktari wa nafsi yako? Sisi wazima. Magoti yanamsumbua Mama akipanda ngazi, ila mdomo uko vilevile, anatugombeza tangu asubuhi. Nyumba imepwaya, Kaka. Mwezi wa nne huu tangu tumzike Baba, na bado namwekea kikombe mezani.

Sasa nina neno. Chuo kinaitaka ofisi yake, mhadhiri mpya anaingia. Mkuu wa idara anaomba makopo yote ya udongo aliouchimba Baba kwa utafiti wake yabaki maabara, na fomu inataka sahihi zetu wote wawili kabla ya mwisho wa mwezi. Jumatano nikaenda na Mama kuyaangalia. Weee! Yamejaa kutoka sakafuni hadi darini.

Unakumbuka zile likizo? Watoto wa wenzetu walipelekwa kuogelea, sisi tukapelekwa kuchimba mashimo. Gari likizama kwenye matope, sote tunalia, yeye anashuka na koleo amefurahi: "Subirini kidogo, hapa sijawahi kufika!" Na ule mlima aliupanda akiwa na miaka sitini na nane, akateremka kifundo kimevimba na mifuko imejaa mawe.

Na siku ile Mama alipochota kwenye kopo akidhani ni kahawa, akamkorogea huyohuyo mkuu wa idara! Mgeni akanywa nusu kikombe kwa adabu. Baba alipogundua hakusema hata pole, aliuliza zimebaki gramu ngapi. Jumatano tulipolikuta kopo lenyewe, Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia. Sikujua nimshike wapi.

Kila kopo lina karatasi yake, na Baba hakuandika mahali na kina tu kama wenzake. Alituandika na sisi. "Kando ya mto, sentimita thelathini. Binti ameng'oka jino." "Kilimani, udongo mwekundu. Mke wangu amenuna, ana haki." Maabara wanataka kuzibandua, waweke namba. Moyo wangu umekataa. Nimewaambia bila karatasi hizo sitii sahihi. Je, nimekosea? Nijibu upesi.

Kuna jingine, kaa kwanza. Miaka tisa umesema Baba hakuja kukusindikiza uwanja wa ndege kwa sababu ulikiacha chuo chake ukaenda zako. Ndiyo maana hukumpigia simu, naye hakupiga. Ubishi mliugawana sawasawa. Basi kwenye droo ya meza yake nimekuta kopo dogo. Nakunakilia karatasi yake kama ilivyo:

"Nje ya uwanja wa ndege, kando ya uzio. Mchanga na kokoto, kitaalamu hauna maana. Kijana amevaa sweta la kijani. Nimesimama mpaka ndege imepotea. Nilishindwa kumwita."

Kopo hilo siwapi, na kwa posta silitumi. Njoo, Kaka. Nimekukumbuka mpaka naumwa.

Shangazi anakusalimu, shemeji yako pia. Wabusu watoto. Mola akufungulie njia, akufikishe salama. Mama naye anakusalimu sana. Habari ya kopo hilo bado sijamwambia. Nataka umsomee wewe.

Mdogo wako akupendaye mno,
Kasuku