Kiriba cha Ghorofa ya Pili

Darsait, Maskati
6 Oktoba 2024

Dada yangu mpenzi Mahbuba,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima na goti limepunguza ubishi. Mie sijambo, ila joto la mwaka huu limekataa kuondoka. Simu najua huitaki, basi barua anakuletea Nawar, binti wa jirani, anayekuja Unguja kutembea.

Nna habari. Tangu mke wangu Nasriya kututoka, Mungu amrehemu, na mie kustaafu bendi ya jeshi, kiriba changu kilikuwa juu ya kabati tu, kimejikunja. Unakikumbuka: mfuko wa ngozi wa kukumbatia kwapani, bomba la kupulizia, filimbi moja ya vidole, na mabomba matatu begani yanayovuma bila kupumzika. Ulisema kinalia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Wiki iliyopita nikakipeleka kwa fundi wa ngozi kutiwa kiraka. Nikakijaribu pale pale mlangoni. Gari likafunga breki, akashuka mama wa Kizungu analia machozi. Nikadhani nimemfanya nini! Kumbe ni Mskochi, anaitwa Bi Morag, mwalimu wa muziki, na ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya Waselti hapa Maskati. Waselti ni Waskochi, Waairishi, watu wa Welsi na jamaa zao. Wanasema wao ni wa kabila moja la kale. Mwaka wao una mikusanyiko minne, kila msimu mmoja: muziki, chakula na ngoma. Mkubwa ni mwisho wa mwezi huu, wa kuingia kipupwe. Na mpiga kiriba wao amehamishwa kazi kwenda Doha.

Aliniomba. Nikakubali kabla hajamaliza kuomba.

Sasa nafanya mazoezi nyumbani. Tatizo ni Bi Lamya, mjane wa ghorofa ya tatu, juu ya kichwa changu. Kila nikifika katikati ya ule wimbo wa polepole, nikitua tu kuvuta pumzi, hugonga sakafu kwa mchi wa kinu, du! du! du! Basi mie naacha kabisa. Mwanamke gani yule, hajui muziki.

Niombee dua.

Mdogo wako,
Harub


Vuga, Unguja
15 Oktoba 2024

Mdogo wangu Harub,

Waalaikum salaam warahmatullah. Mie mzima, goti linakusalimu, limekuwa na tabia ya mkwe: kila nikitaka kutoka linataka kujua nakwenda wapi.

Barua nimeipata, na Nawar akanipa na yale ambayo hukuyaandika. Kwamba wanaume wa watu hao huvaa sketi! Harub, baba yetu alizikwa na heshima zake. Usiniambie sketi ni kikoi kilichokunjwa. Kikoi nakijua.

Tena nimemuuliza mwalimu wa historia hapa mtaani, kaniambia usiku huo wa kuingia kipupwe Waselti wa kale waliwaandalia chakula maiti wao. Marehemu wako ni Muislamu. Msomee Yasin, usimpulizie.

Na huyo Bi Morag aliyekulilia njiani ana mume? Nauliza tu.

Wewe unachotaka si kiriba, ni mtu wa kula naye. Nimekutafutia. Bi Hind wa Kiponda, mtulivu, ana nyumba yake, na masikio yake ni mazito. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo hasa iliyonifanya nikukumbuke. Sema neno moja tu, mie nishone nguo.

Dada yako,
Mahbuba


Darsait
3 Novemba 2024

Dada Mahbuba,

Salamu na mapenzi mengi. Afya njema, ila mashavu yananiuma. Utajua kwa nini.

Kwanza, mwenye jengo, Bwana Humam, anayekaa chini na mtoto mchanga, alinijia mlangoni. "Ammi Harub, nakuheshimu. Lakini chagua: mfuko au nyumba. Mwisho wa mwaka nataka jibu." Nyumba hii, dada, ndiyo niliyomwingiza Nasriya bibi harusi. Nilifunga mlango nikakaa kitako palepale kizingitini.

Basi nikawa naendesha gari mpaka pwani ya Sidab, napulizia miambani. Watu wa huko hawakusema kitu. Mbuzi ndio walionifuata mpaka garini.

Siku ikafika. Bustani ya Bi Morag huko Qurum ilijaa watu, taa mitini, na baridi yao ya kipupwe ilikuwa ya kutosha kuzima kiyoyozi tu. Sketi sikuvaa, ondoa shaka. Nilivaa kanzu nyeupe na kofia, nikapuliza, na wazee wazima wakasimama wameshika vifua. Kweli palikuwa na meza na sahani moja ya chakula isiyo na mwenyewe. Bi Morag akaniambia ni ya mumewe. Alikufa. Basi na swali lako umejibiwa, nawe usiulize tena.

Kisha ikaja ngoma. Wanashikana mikono duara, wanaruka, wanabadilishana. Sasa, miaka yote jeshini mie sikuwahi kuacha kupiga mpaka mkuu wa bendi ainue fimbo. Hapa hapana mkuu, hapana fimbo. Nikaendelea. Kumbe kwao ni utovu wa adabu kuacha kucheza kabla mpigaji hajaacha! Mie nawangoja wao, wao wananingoja mie. Nikaona nyuso zinaiva. Nikasema moyoni, mashallah, watu hawa wana nguvu, nikazidisha kasi. Mhandisi mmoja Mwairishi akaenda kulala kwenye nyasi, miguu bado inacheza. Mama mmoja alikuwa anacheza amekumbatia mtende. Mwisho Bi Morag akajikokota mpaka kwangu, akaling'oa bomba kinywani mwangu, akasema, "Bwana Harub, tuhurumie."

Walinipigia makofi wakiwa wamelala.

Nikarudi na biskuti zao za siagi. Nikapanda kumpelekea Bi Lamya, nikitaka suluhu. Akafungua mlango kidogo. Amevaa leso ya rangi ya zafarani, na nyumba inanukia mdalasini.

"Umekuja kugongwa ana kwa ana?"

"Nimekuletea biskuti, Bi Lamya."

Akazichukua, akafunga. Nikashuka ngazi mbili. Akafungua tena. "Kavu," akasema. "Mpishi wake hana rehema." Akanipa bakuli la tambi za sukari, zenye zabibu, moto bado. Nilizila nimesimama jikoni. Mwanamke mkorofi, lakini tambi zake, Subhanallah. Na leso ile inampendeza, sijui kwa nini anakaa ndani siku zote.

Mdogo wako,
Harub


Vuga
17 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Nimecheka mpaka goti limesahau kuuma. Maskini Waselti! Waambie dada yako anawapa pole.

Kuhusu nyumba nimelia kidogo, sikufichi. Zungumza na Humam kwa upole. Mtu mwenye mtoto mchanga hana usingizi, na asiye na usingizi hana hukumu.

Ila nna swali. Ya Bi Hind hukuyajibu hata kwa nukta. Bustani nzima ya Wazungu umenipa, na sikuona rangi ya nguo ya mtu hata mmoja. Lakini leso ya jirani ni ya zafarani, nyumba yake inanukia mdalasini, na tambi zina zabibu.

Harub, huyo Bi Lamya ni mtoto wa nani?

Dada yako,
Mahbuba


Darsait
8 Desemba 2024

Dada Mahbuba,

Salamu nyingi. Swali lako lilinikasirisha. Nilisema afadhali nikioe kiriba. Nikakaa nalo.

Kisha Humam akatuita mie na Bi Lamya sebuleni kwake amalize kesi. Mkewe kampakata mtoto, kahawa na halua zimeshatengwa. Humam akaanza, "Bi Lamya, wewe ndiye uliyedhurika zaidi. Kila siku nakusikia ukigonga."

"Nagonga ndiyo," akasema. "Huyu bwana anafika mahali pazuri kuliko pote, moyo wangu umepanda, anaacha! Kila siku! Nagonga aendelee. Haendelei. Nikadhani ni kiziwi."

Dada, nilikosa pa kutazama. "Mie nilidhani unaninyamazisha."

"Ningetaka kukunyamazisha ningeshuka na mchi wenyewe."

Mke wa Humam akaangua kicheko, mtoto akaamka, akalia kwa sauti ya kukishinda kiriba. Humam akashika kichwa. "Basi kati ya watu wote ni mimi peke yangu ninayeteseka?"

"Wewe na mwanao," akasema Bi Lamya, sasa kwa upole, "na haki ni yenu." Akatoa shauri. Kaka yake, Jaifar, ana gereji hapa hapa Darsait, wananyoosha mabati ya magari tangu asubuhi. Huko hata ukipuliza baragumu hakuna atakayegeuka. Humam akakubali: mazoezi gereji, nyumba ibaki yangu. Nilimbusu paji la uso, kijana wa watu.

Sasa kila asubuhi niko gereji. Siku ya kwanza Bi Lamya alikuja "kumletea kaka chakula", akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Tangu hapo Jaifar ananenepa.

Umeuliza ni mtoto wa nani. Baba yake alikuwa mtu wa Wete. Nimeuliza na mengine pia. Jumanne iliyopita nilimuuliza yeye mwenyewe kama atakubali nimpose. Akaweka bakuli chini.

"Bwana Harub, nimezika waume wawili. Sitaki wa tatu anayepuliza mpaka mishipa ya shingo imtoke kama kamba za mashua. Siku moja utaanguka mbele yangu, mimi nitaanza tena kukaa eda."

Akaondoka. Siku hizi chakula cha Jaifar kinaletwa na dereva. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Harub


Vuga
22 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Nilijua tangu zafarani.

Kwanza, Bi Hind ameolewa na muuza samli. Hakukungoja, na sina la kumlaumu.

Pili, mwanamke hakusema hakutaki. Kasema anaogopa. Hayo ni maneno mawili na wewe umeyasikia moja, kama ulivyousikia mchi. Nenda kwa daktari akupime mapafu, moyo, na chochote kingine kinachopimika. Kisha umwambie kweli, hata kama daktari atakukataza kupuliza. Akikukataza, utachagua. Mie sitakuchagulia.

Nguo nimeshashona. Usinitie hasara.

Dada yako,
Mahbuba


Darsait
24 Februari 2025

Dada yangu Mahbuba,

Salamu na furaha. Nisamehe kimya, simu ya Nawar ilikuletea habari kwa ufupi, na ufupi wake haunitoshi.

Daktari alinipima siku nzima. Aliniuliza kama napiga mbizi. Akasema mapafu ni ya kijana, nipulize nitakavyo, nipunguze halua. Nikapanda kwa Bi Lamya na maneno hayo. Akanisikiliza kwenye ufa wa mlango.

"Mapafu nimeshayasikia mwenyewe. Moyo je?"

"Daktari amesema haujambo," nikamwambia. "Mie nasema unaogopa kama wako. Nimezika mara moja, na sikudhani nitaweza kusema na mtu tena mlangoni hivi."

Mlango hakuufunga.

Tarehe mosi mwezi huu Waselti walikuwa na mkusanyiko wao wa pili, wa siku ambazo huko kwao kondoo huanza kutoa maziwa. Bi Lamya akaja na Jaifar na sinia la vitumbua. Alikaa na Bi Morag, mjane na mjane, huyu Kiingereza hana, yule Kiswahili hana, wakazungumza muda mrefu kwa mikono. Safari hii Bi Morag alinipa mtu wa kuinua fimbo. Huyo aliinua mapema sana, maana ngoma ile ya kwanza bado wanaikumbuka.

Tulipokuwa tunaondoka Bi Lamya akaniambia, bila kunitazama, "Zungumza na Jaifar. Lakini iwe kabla ya Ramadhani. Sitaki kufuturu peke yangu tena."

Ijumaa tukafunga ndoa. Waselti wakang'ang'ania kwamba bwana harusi apelekwe kwa mlio wa kiriba, na mpiga kiriba ni mmoja tu Maskati nzima wanayemjua! Basi nikajipeleka. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwake ni ngazi chache, kwa hivyo mke wa Humam akatuamuru tushuke kwanza, tuzunguke gereji, ndipo tupande. Nilipuliza njia nzima. Watu wananipa mkono, siwezi kuupokea. Wananiambia mabruk, siwezi kujibu. Kuchekelea tu nisithubutu, upepo utatoka. Wanawake wa kwetu wakapiga vigelegele, Waairishi wakajaribu kuviiga, mtoto wa Humam amelala fofofo. Kizingitini nikaondoa bomba kinywani, na neno la kwanza nililolipata lilikuwa "Hodi."

Nimeihamishia picha ya Nasriya huku juu. Lamya mwenyewe aliibeba. Ghorofa ya pili imebaki wazi, ni ya kwako ukija.

Mdogo wako,
Harub

Kalamu nimemnyang'anya. Assalamu alaikum. Goti lisikuzuie: Jaifar na vijana wa gereji wananyanyua injini, wewe watakupandisha na kiti chako. Nguo uliyoshona njoo nayo, hapa wote wameambiwa habari zake. Waume zangu wawili wa kwanza hawakuwa na dada, kwa hivyo mimi neno hili la mwisho sijapata kumwandikia mtu. Leo nimelijaribu kwanza pembeni mwa gazeti, nione linakaaje.

Wifi yako,
Lamya