Hatua Arobaini Hadi Kwenye Bomba

6 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Presha imeshuka? Unakula? Mimi mzima. Naenda kazini, narudi, nalala. Nakuandikia kwa sababu simu yetu unaijua mwenyewe: ukishaniuliza kama kuna mvua na nikishakujibu, tunabaki kusikilizana tunavyopumua mpaka salio linaisha.

Nina habari ya kazi. Ile barabara ya lami itakayopita mtaani kwetu, pamoja na mitaro yake, imeletwa ofisini kwetu ichorwe, na mkuu wangu akaniwekea mimi mezani. Hakujua kama ni nyumbani. Nilipomwambia alifurahi, akasema kazi imempata mwenyewe.

Tatizo ni lile bomba kubwa la maji mlilolifukia nyinyi enzi zenu. Ramani yake ililowa mvua huko stoo ya Idara ya Maji, imebaki madoa ya bluu tu, na barabara hairuhusiwi kupita juu ya bomba. Likiwa mbali na nyumba yetu, barabara itapita katikati, baina ya nyumba na bomba, na hakuna kitakachobomolewa. Likiwa karibu, itabidi barabara ihamie ng'ambo ya bomba, kwenye kile kiwanja cha wazi. Halmashauri wamekishikilia wakisubiri tuseme kama tunakihitaji.

Kwa hiyo naomba unipimie kutoka ukuta wa baraza hadi kwenye bomba. Pima kwa hatua zako, kama kawaida yako. Futi ya serikali haijastaafu.

Na chumba cha mama kiache kilivyo. Asije mtu na kofia ya plastiki akaufungua ule mlango eti anakagua.

Mwanao

19 Februari

Mwanangu Penseli,

Marahaba. Barua imefika, nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Mimi sijambo, nguvu ninazo, presha haina la kusema. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu. Anasema ukija na suruali ya kupunguza atakupunguzia bure, ila ukija mikono mitupu atakutoza.

Umenichekesha na futi ya serikali. Kweli waliniita hivyo kazini miaka thelathini na moja. Siku ya kwanza msimamizi alitandaza utepe chini, akanitembeza mara kumi, na kila hatua ikawa sentimita themanini, haizidi wala haipungui. Baadaye ule utepe ukapotea na hakuna aliyehangaika kununua mwingine.

Mtaa hutaujua tena. Tulipolaza bomba lile kulikuwa na nyumba tisini na vichaka. Sasa kila mwezi linaota ghorofa, na yote yananyonya bomba lilelile. Maji hutoka Jumatano, yakijisikia. Wenye pampu wanavuta, sisi wengine tunasikiliza mfereji ukikoroma. Majitaka yanakokwenda usiniulize, ila siku hizi watu hawaogelei ufukweni.

Nimepima. Kifuniko cha valvu ya bomba tulikikuta chini ya rundo la tofali za mtu. Fundi cherehani alichimba, mimi nikawa msimamizi. Kutoka ukuta wa baraza hadi kwenye kifuniko ni hatua arobaini kamili. Tulianza asubuhi na tulipomaliza jua lilikuwa utosini. Zamani sikuwahi kupima kuanzia nyumbani kwangu. Tulikuwa tunaanzia ukuta wa pampu, na pampu sasa iko chini ya jumba la mtu.

Mlango haujafunguliwa. Hata mimi sijaufungua tangu tuzike. Nyumba ikisimama, nao utabaki hivyohivyo.

Baba yako

3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mzima. Mimi mzima pia, mafua kidogo tu.

Arobaini mara sentimita themanini ni mita thelathini na mbili. Barabara na mitaro yake miwili inakula ishirini na mbili. Inapita, na inabaki nafasi huku na huku. Mkuu alitaka lichimbwe kwanza shimo la majaribio, wahakikishe bomba liko hapo. Nikamwambia baba yangu hajawahi kukosea hatua hata moja. Tuko nyuma ya ratiba, kwa hiyo alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Kile kiwanja cha ng'ambo kimeachiwa, nasikia linajengwa jengo la ghorofa kumi na mbili.

Basi nyumba imepona. Nilipomaliza mchoro nilikaa nikisubiri kufurahi. Nikanywa chai, nikasubiri tena. Wapi. Tangu mama aondoke niko hivi, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: ninauona ni wangu, ila nikiubonyeza sihisi. Sijui kama na wewe uko hivyo, hatujawahi kuulizana. Ndiyo sababu miaka minne sijaja, baba. Si kazi, kazi nilisingizia. Nikiwa huku najua nyumba ipo na mlango umefungwa, na hilo linanitosha.

Msalimie fundi. Mwambie sina suruali ya kupunguza, nimepungua mwenyewe.

Mwanao

11 Septemba

Baba,

Shikamoo. Poleni na maji. Sina muda wa mengi.

Leo mkuu ameniita mbele ya watu. Katapila limepasua bomba mtaani kwenu. Wamepima kwa mashine: bomba liko mita ishirini kutoka ukuta wetu. Ishirini, baba, si thelathini na mbili. Nimeirudia hesabu mara tisa na haina kosa. Je, ulipotewa na namba katikati? Au ulichoka, fundi akamalizia yeye? Nijibu upesi. Nyumba imerudi hatarini, na mimi ndiye niliyesema shimo la majaribio halihitajiki.

Mwanao

20 Septemba

Mwanangu Penseli,

Marahaba. Sisi wazima, ila leo ni siku ya kumi mtaa mzima hauna tone. Siku lile bomba lilipopasuka maji yaliruka hadi dirisha la ghorofa ya tatu. Watu walitoka na ndoo, mabeseni, mmoja na toroli. Hatujawahi kupata maji mengi hivyo mwaka mzima, na yote yalikwenda baharini.

Sikupotewa na namba, na fundi hakunimalizia. Ni arobaini. Miguu ndiyo si ile.

Mwaka juzi nilikuwa nabeba ndoo mbili kutoka kwa jirani, nikateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Nililazwa wiki saba. Tangu nitoke natembea kwa fimbo. Jana fundi cherehani amenipima kwa utepe wake wa nguo: hatua yangu siku hizi ni sentimita hamsini. Kwa hiyo hesabu yako ni sahihi na hesabu yangu ni sahihi, na bomba limepasuka.

Sikukuambia kwa sababu ungejiona umelazimika kuja, na nilijua kuja huwezi. Na siku ile ya kupima, haki ya Mungu, halikunijia kabisa kichwani. Mtu hajioni akitembea. Nilianza moja, mbili, tatu, kama nilivyohesabu maisha yangu yote, nikaona nimerudi kazini. Nilikuwa na raha asubuhi ile.

Sikulaumu. Ila nitasema lililo moyoni, maana likikaa litanitafuna. Kila mtu hapa anajua ninavyotembea. Muuza mkaa anajua, mpaka madereva wa magari ya maji wananipungia nivuke polepole. Ni wewe tu uliyebaki unanitembeza kwa miguu ya zamani.

Sasa nyumba itakuwaje?

Baba yako

30 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Pole kwa nyonga. Pole inayochelewa miaka miwili sijui inaandikwaje, kwa hiyo naiandika hivihivi. Nilisoma barua yako nimesimama koridoni ofisini. Watu walikuwa wanapita, nami nawaitikia.

Kuhusu nyumba. Bomba haliwezi kuhamishwa, linanywesha watu elfu sitini. Ng'ambo yake jengo limeshafika ghorofa ya sita. Ningekuwa nimepata mita ishirini tangu mwanzo, barabara ingepita kule na wewe ungebaki barazani kwako. Sasa umebaki upande mmoja tu, wa kwetu. Mstari unakula baraza, sebule na chumba cha mama.

Mkuu hakunifukuza. Amenirudishia mchoro niurekebishe mwenyewe, nimepewa hadi mwisho wa mwezi ujao. Nikikataa atapewa mwingine. Natamani kulia, baba, badala yake napiga miayo. Nifanye nini?

Mwanao

9 Oktoba

Penseli,

Marahaba. Mimi sijambo.

Chora. Huyo mwingine akipewa, kwa uvivu wake atapitisha mstari na kwa fundi cherehani, na fundi ana watoto wanne na cherehani tatu. Wewe utabana, naujua mkono wako. Halafu angalia mteremko wa mtaro. Usiwe bapa, utajaa takataka mvua ya kwanza tu, na watu watasema mtoto wa fundi bomba hajui maji yanakwenda wapi.

Chora wewe, mwanangu. Sitaki nyumba ya mama yako ikatwe na mtu asiyeijua.

Baba yako

14 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Barua zangu mbili zimerudi, zimegongwa muhuri kwamba anwani haipo, na simu yako haipatikani. Hii nampelekea fundi cherehani, yeye atajua ulipo. Natumaini uko mahali na ni mzima. Mimi mzima.

Nilichora. Ukuta wa fundi umepona kwa mita moja na robo. Mteremko umetosha, niliukagua mara tatu.

Najua nyumba ilivunjwa Desemba. Siku yenyewe niliijua mapema, ilikuwa kwenye ratiba mezani kwangu. Nilikwenda kazini kama kawaida. Nilichora kituo cha basi cha mtaa mwingine, nikala mchana, nikamsaidia mwenzangu kutafuta funguo zake. Saa kumi nikaangalia saa nikajua imekwisha. Hakuna kilichotokea ndani yangu, na hicho ndicho kinachonitisha.

Nani alifungua mlango wa chumba cha mama? Naogopa jibu lakini nauliza.

Nataka kuja, baba. Kwa mara ya kwanza nataka. Ila sijui nije wapi.

Mwanao

1 Machi

Mwanangu Penseli,

Marahaba, marahaba. Fundi ameniletea barua yako akihema, maana amepanda ngazi na dumu la maji mkono mwingine. Mimi mzima. Nyonga inauma asubuhi, ikifika saa nne inanisahau.

Mlango niliufungua mimi, Jumapili kabla ya katapila. Nilikuwa nimeuogopa miaka yote hiyo, nikadhani nitaanguka palepale. Mle ndani mlikuwa na kitanda, sanduku, vumbi na miwani yake. Nilikaa kitandani nikisubiri. Sikusikia kitu. Mwishowe nikasikia njaa, nikaenda kupika. Kesho yake, nikikunja gauni lake la kijani, bila kutegemea nililia mpaka fundi akasimamisha cherehani akaja kunishika. Kwa hiyo usijiogope. Yako nayo itakuja siku inayotaka, pengine ukiwa unakunja kitu. Gauni ninalo, sijalimaliza kulikunja.

Ninapokaa ni kulekule. Waliobomolewa halmashauri ilitugawia vyumba kwa kura, nikaangukia lile jengo la ng'ambo ya bomba, ghorofa ya saba. Niliomba chini, nikawaonyesha fimbo. Karani akasema kura ni kura, mzee. Huko juu bado wanamwaga zege, sisi chini yao tumeshahamia. Maji yanafika ghorofa ya tatu yakichoka. Ila dirisha langu linaangalia barabara yako, na mvua ya juzi nilikaa nikiuangalia mtaro. Unamwaga vizuri. Niliwaambia watu koridoni ni mwanangu aliyechora, wakasema sawa.

Ukija, shuka kituo kipya, uliza jengo la njano. Mlangoni kuna msichana anauza vocha, anaijua fimbo yangu. Usipande. Ukipanda utanikuta nimelala kama mgonjwa, na mimi nataka unikute nimesimama. Lifti wameweka lakini haijawahi kufanya kazi, wanasubiri umeme mkubwa, na kushuka kunanichukua nusu saa nzima.

Niandikie siku na saa utakayofika, ili nianze kushuka mapema.

Baba yako