Sabuni Kando ya Bwawa

Mpendwa mjukuu wangu Neema,

Ninakuandikia kujibu swali lako: yule mwanamke wa Uholanzi, miongoni mwa wanawake wa kwanza kushindana katika kuogelea na kucheza polo ya majini, alimwambia nini mama yake ili amruhusu? Hapa Columbus sote wazima, na tasnifu yangu kumhusu mwanamke huyo imekubaliwa. Mama yako huniita mama mdogo, hivyo mimi ni bibi yako, ingawa nimekuzidi miaka michache tu.

Najua kwa nini unauliza. Mama yako hataki uingie timu ya polo ya majini; anasema msichana haogi mbele ya watu.

Nyaraka nilizosoma hazitaji jibu la Mholanzi huyo. Ninaloweza kukusimulia ni la mama yangu.

Tulipokuwa Louisville nilimuaga kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Mama, naenda kuoga na timu." Kwetu kujisafisha ni kuoga, na kuogelea pia ni kuoga. Alinifuata na sabuni, pamoja na kitenge cha kunisitiri. Akanikuta majini, nikigombania mpira na wenzangu. Nilijua kwamba akikataa, sitarudi tena pale.

Aliketi hadi mwisho, sabuni mkononi. Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniuliza: "Bon, ule murefu, juu ya nini ulimuachia mpira?" Yaani, kwa nini nilimwachia mpira yule mrefu.

Sikuwa nimemweleza lolote, alijionea mwenyewe. Kwa hiyo usibishane na mama yako; mlete tu aje ajionee. Nitakuja Buffalo, na tutakutana sote watatu mlangoni pa bwawa, Jumamosi hii, saa nne asubuhi.

Bibi yako,
Furaha