Sare za Dada Zaina

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na mahindi ya Kerenge yamepata mvua? Mimi huku Ujerumani ni mzima, ila baridi imenikomesha, na moyo hauna raha tangu niliposikia habari za harusi ya Rehema wa dada Zaina. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Shangazi amenieleza yote. Wanawake walichukua sare za kitenge kwa dada Zaina, wakashona, halafu siku ya kumwoza bintiye wakamsusia. Masufuria ya pilau yakabaki yamejaa pale Manundu. Nawe mama mzazi hukwenda! Eti akome, kwa kuwa yeye haendi kwenye shughuli za watu, ana maringo.

Mama, chuo kimenipeleka kujifunza uuguzi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Daktari alitufundisha matatizo ya haiba, yaani tabia iliyomkaa mtu tangu ujana mpaka ikawa inamtesa. Wameyagawa mafungu matatu. La kwanza ni la wenye mawazo ya ajabu, wasioamini watu au wasiowahitaji. La pili ni la wale ambao hisia zao huchemka na kumwagika, leo wewe kipenzi, kesho adui. La tatu ni la hofu. Alisema siku hizi madaktari wengine huangalia kwanza ukali wa tatizo, fungu baadaye.

Nikamuuliza, "Asiyekwenda kwa watu anawekwa wapi?"

"Inategemea," akasema. "Yeye hawataki watu, au anawataka ila anaogopa watamdharau?"

Nilimkumbuka dada, nikaenda kulia chooni. Mimi si daktari, siwezi kumbandika jina la ugonjwa nikiwa huku. Lakini sanduku lake unalijua. Kila harusi alinunua sare, akashona, akavaa, akafika mlangoni, akarudi kuvua. Sisi tukacheka kwamba anakusanya nguo. Asiyetaka watu anashona sare za nini, mama? Inaniuma kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Sasa naambiwa hafungui mlango, hata kwa Rehema.

Msalimie babu, na kaka wa bodaboda, na shangazi pia, ingawa nimemkasirikia.

Mama, ile sare ya harusi ya Rehema najua umeikunja kabatini. Ivae. Shughuli imepita na watu watakushangaa njiani, lakini ivae hivyohivyo, uende Manundu ukamgongee mwanao.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Tatu