Intaneti ya Bure na Mama Yako Mdogo Noreen

Nyumba Na. 9, Mtaa wa Cloughside,
Nelson, Lancashire.
11 Machi 2001

Mpendwa mwanangu Gaynor,

Salamu tele zikufikie huko Dunedin, wewe na mumeo Murray, na huyo malkia wenu Sheila ambaye sijamtia mikononi hadi leo. Hamjambo? Anaongezeka uzito? Na wewe unalala, au ndiyo unakunywa chai badala ya kulala kama alivyokuwa akifanya marehemu mdogo wangu, mama yako? Mimi mzima, ila goti hili la kulia linanisumbua kila mvua ikinyesha, na hapa Nelson unajua mwenyewe, siku isiyo na mvua tunaipigia makofi.

Najua utashangaa kuona karatasi na stempu. Usidhani kuna msiba. Ile kampuni ya intaneti ya bure imefunga. Walituletea tangazo la mistari michache kwenye kompyuta, asante kwa kuwa nasi, na mwisho wa mwezi wa pili ukipiga namba yao unasikia mlio mmoja mrefu tu. Mtaa mzima umenyamaza. Mama Entwistle wa namba kumi na nne ameifunika kompyuta yake kwa kitambaa cha meza na kuiwekea chungu cha maua.

Sasa mwanangu, acha nikueleze ukweli ambao sijapata kukueleza, maana nimechoka kuutunza. Nimekuwa na wivu. Siyo wivu wa kuchekesha. Ni wivu wa kweli.

Tangu uhame, ulikuwa ukinipigia simu kila Jumapili baada ya chakula. Noreen na mumewe, shemeji Clifford, walikuwa wanakuja kwangu kwa miguu yao, wanakula nyama ya kuoka na mchuzi, halafu tunaisubiri simu pale ukumbini. Mimi ndiye niliyeipokea. Mimi ndiye niliyesema, "Haya Noreen, njoo, dakika mbili tu, mtoto anapoteza hela." Unajua raha ya kumwambia Noreen "dakika mbili tu"? Mtu aliyekulia kitanda kimoja nami na kunivutia blanketi miaka yote hiyo?

Ndipo zikaja zile sahani za kompyuta, CD za kukuunganisha na intaneti. Zilikuwa kila mahali, kwenye maduka ya redio na pasi, ndani ya magazeti, hata kaunta ya posta. Bure, chukua! Noreen akachukua tatu, kama kawaida yake kwa kitu chochote cha bure. Mwanzoni kujiunga ndiko kulikokuwa bure, simu yenyewe ilihesabiwa kwa dakika, kwa hiyo Clifford alikuwa anasimama nyuma ya kiti cha Noreen pale kwenye kompyuta yao na ile saa ya kuchemshia mayai. Ikilia, anachomoa waya. Hapo sikuwa na neno. Barua pepe mbili tatu kwa wiki, nikasema moyoni, si kitu, simu ya Jumapili bado ni yangu.

Lakini kiangazi kilichopita ikaja hii kampuni nyingine, na hii ilikuwa bure kabisa, mpaka simu yenyewe. Saa ya mayai ikarudi jikoni. Noreen akawa anakuandikia asubuhi, mchana na jioni, nawe unamjibu. Mkaanza kuambiana mambo ya kichefuchefu chako na rangi ya chumba cha mtoto. Simu za Jumapili zikapungua, kisha zikakatika. Sikulaumu. Nani atalipia sauti wakati maandishi ni bure? Lakini Jumapili ya kwanza tuliyokaa pale ukumbini na simu haikulia, Noreen aliangalia saa, akasema, "Aa, hatapiga leo. Amenieleza yote jana." Kisha akajiongezea kastadi, ule uji mtamu wa maziwa na mayai.

Ikawa hivyo hata kanisani. Watu waliokuwa wakiniuliza habari zako wakawa wananipita. "Noreen, Gaynor anaendeleaje? Noreen, tumbo limeshuka?" Naye anatoa picha zilizochapwa kutoka kwenye mkoba, anazigawa kama peremende. Nikimwambia anipe moja, ananiambia, "Dada, wewe si una stempu? Endelea kuzilamba. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Halafu anacheka ule mcheko wake wa puani. Nilitamani nimmwagie chai.

Kwa hiyo nikanunua ya kwangu. Ofisi ya kanisa walikuwa wanatoa kompyuta yao kuukuu, nikawa wa kwanza mlangoni. Nikaiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo, waya ukapita chini ya zulia mpaka kwenye simu ya ukumbini. Ndiyo ile barua yangu ya kwanza kwako, iliyokuwa kwa herufi kubwa tupu. Ulinijibu "Mama mkubwa, usinipigie kelele!" Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa.

Tatizo ni kwamba sisi hapa kitu cha bure hatujui kukiachia. Kuipata laini ilikuwa kazi, unapiga na kupiga, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu inakwambia njia zimejaa. Zimejaa kwa sababu gani? Kwa sababu kila aliyeingia hatoki! Ukifanikiwa kuingia, unaiacha wazi mchana kutwa, unakwenda kupika, unakwenda sokoni, unarudi unaikuta. Kampuni ikaanza kukata kila baada ya saa mbili. Clifford akapata ujanja wa kuifanya ijipigie yenyewe tena. Kampuni ikakasirika, ikaanza kuwafukuza wanaotumia kupita kiasi. Na wa kwanza kufukuzwa mtaani hapa alikuwa nani?

Noreen! Mwanangu, siku hiyo niliimba. Alikuja kwangu amevimba macho. "Wananiita mlafi, Dada. Mimi!" Nikamwandalia chai, nikamwambia pole, na moyoni nasema aliye juu mngoje chini. Wiki nzima barua zako zilikuja kwangu peke yangu. Nilimsomea nilipotaka, na nilimfichia nilipotaka. Na kwa watu wengine wote sijapata kuwa mwema hivyo, kwa raha niliyokuwa nayo.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja. Ulikuwa umebakiza wiki tatu, na nilikuwa na hofu barua yako isije ikanipita. Niliingia asubuhi baada ya kuhangaika sana, nikaapa sitatoka. Nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta na sweta ndogo ya manjano kwenye sindano za kufumia, kila mara nabonyeza kuona kama umeandika. Hakuna. Nabonyeza tena. Hakuna. Nikasema labda unapumzika.

Mchana mlango ukagongwa kama polisi wamekuja. Noreen, na ndala za nyumbani, mvuani, bila koti. "Amejifungua! Binti! Nimemsikia analia, Dada, nimemsikia kwa masikio yangu!" Nikamuuliza umemsikiaje, na wewe umefukuzwa? Akasema, "Kwa simu, mjinga wewe! Kanipigia mimi! Laini yangu si iko huru?"

Nilimkumbatia. Ilinibidi, alikuwa analia na mimi nalia. Lakini usidhani tulikuwa tunalia kitu kimoja. Nilifurahi kwa ajili yako, Mungu ni shahidi. Na ulipompa mtoto jina la Sheila, hapo sina wivu hata chembe, jina la mama yako ni letu sote. Lakini sauti ile ya kwanza aliipata Noreen, na kwa muda wote wa baridi ameisimulia kanisani, kwenye bingo na kwa muuza samaki. Anaiigiza kabisa. Nami nikabaki najiambia: kumbe nikiwekwa mizanini na Noreen, Gaynor anamchagua Noreen.

Jumapili iliyopita walikuja kula. Noreen akatangaza kwamba ameamua kulipia intaneti ya kila mwezi, kutoka kwenye pensheni ya Clifford. "Nawe usihangaike, Dada. Utakuwa unakuja kusoma kwangu." Kwake! Afadhali nile utumbo baridi bila siki. Nikamwambia asante, mtu aliyepigiwa simu ya kwanza anastahili. Clifford, mdomo umejaa viazi, akasema, "Ya kwanza? Si alianza kukupigia wewe, shemeji. Alituambia mwenyewe. Alikujaribu weee, simu inatumika, inatumika, akakata tamaa ndio akatupigia sisi."

Meza iliruka. Noreen alimpiga teke pale chini, na nusu ya teke nililipata mimi kwenye hilo goti. Kisha akasema, anaangalia sahani yake, "Nilitaka kukwambia. Lakini ulikuwa na kila kitu wiki ile, Dada. Kila kitu."

Nilimpa kipande kikubwa cha nyama, sijui kwa nini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka nyumbani hasira na furaha zinapigana ndani ya nguo moja. Ulinipigia mimi. Ulikuwa kitandani na mtoto mchanga kifuani, na ulikuwa unanipigia mimi, huku mimi nimekaa hatua chache tu kutoka kwenye simu hiyo hiyo, nimeiziba kwa intaneti ya bure nikikungoja.

Kompyuta nimeirudisha kanisani. Watoto wa shule ya Jumapili wanaibonyeza. Sweta ya manjano nimeituma kwenye kifurushi, ikiwa ndogo mpe mwanasesere.

Nisalimie Murray, mwambie wale kondoo alionichorea kwenye kadi bado wako juu ya meko. Clifford anakusalimu, bado anachechemea. Mama Entwistle anakusalimu. Na Noreen pia, ingawa yeye salamu zake utakuwa umezipata kabla hii haijavuka hata kaunti. Mungu akupe maziwa na subira, na amkuze Sheila kwa afya njema.

Nina ombi moja tu, mwanangu. Picha, meno, neno la kwanza, hayo yote mpelekee Noreen, najua yatamfikia kwanza na sitanuna, au nitanuna kidogo. Lakini niandikie jambo moja kumhusu huyo mtoto ambalo hujamwambia Noreen. Hata dogo kabisa, namna anavyopiga chafya, mguu anaoutoa nje ya blanketi. Na ukishaniandikia, usimwambie.

Akupendaye, wa kwanza, hata kama simu ilikuwa inatumika,
Mama yako mkubwa,
Beryl