Gia za Muthoka na koti la kuposea

Ndeti, Muthoka amefika kwa wakwe akiwa amekwama kwenye baiskeli. Amekwama, mikono yote miwili!

Vile vijiti vya gia vya zamani alivifunga kwenye ncha za usukani kwa mpira wa tyubu, vikatokeza kama pembe. Aliambiwa vitamletea shida. Akasema, "Nyinyi hamjui baiskeli."

Kwenye mteremko vikaingia ndani ya mikono ya koti aliloazima. Breki hafikii, mikono haitoki. Akaingia boma akipiga kelele, akagonga mmoja wa mbuzi wetu wa ntheo, wale wa kuposea.

Baba ya msichana akampa mkono. Muthoka akainua baiskeli. Ndeti, alimsalimia mzee na baiskeli!

Mzee akauliza, "Huyu anaoa ama anauza baiskeli?"

Tulipeleka mbuzi watatu. Wameitisha wanne. Koti lilikuwa langu.